Cheltenham kwa Macho, Cartmel kwa Dau: Barua kwa Mjomba

Manchester, Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Natumaini wewe na Mamu hamjambo, na lile goti limepata nafuu sasa kwa kuwa mvua zimepungua. Sisi huku sote wazima. Watoto wanahesabu siku za kufunga shule, na jua limekuja mapema kiasi kwamba majirani wanatembea na kaptula.

Lile swali lako la kwenye simu nilikwambia nitalijibu kwa barua, maana lilikuwa linataka nafasi. Uliuliza: mtu mwenye pauni chache mfukoni na mapenzi ya kweli ya farasi, abeti wapi? Kwenye lile tamasha kubwa unaloliona kwenye televisheni kila Machi, au kwenye viwanja vidogo vya vijijini ambavyo hata Waingereza wengi hawavijui? Mwaka huu nimefika kote kuwili, Cheltenham mwezi wa tatu na Cartmel mwishoni mwa Mei, na jibu langu nakupa sasa hivi usije ukalitafuta kurasa nzima. Cheltenham nenda ukatazame farasi. Pesa yako ya kubeti ipeleke Cartmel. Sababu zake ndizo ninazokuandikia.

Nianze na Cheltenham. Ni mji wa Gloucestershire, na kutoka hapa kuna treni ya moja kwa moja. Ijumaa ya tamasha hiyo treni huwa imeshajaa kabla haijafika Birmingham. Wanaume suti za sufi nzito na kofia, wanawake makoti marefu ya kijani na kahawia, na karibu kila mtu ana gazeti la Racing Post lililokunjwa kwenye ukurasa wa mbio za kwanza. Waairishi ndio wanaolifanya behewa lichangamke. Huvuka bahari kwa maelfu kila mwaka kuja hapa, na wanazungumza habari za farasi kama watu wanaozungumzia ndugu zao wa damu. Mimi nilikaa na mzee mmoja wa Kerry. Nilipomwuliza ana fununu gani, akanionyesha behewa zima kwa kidole akasema, "Ninachokijua mimi, hawa wote wanakijua." Maneno hayo yalinikaa kichwani siku nzima, na utaona kwa nini.

Tamasha huenda siku 4, Jumanne hadi Ijumaa, mbio 7 kila siku, jumla 28. Zamani lilikuwa la siku 3. Ya nne iliongezwa mwaka 2005. Mwaka 2022 waliingia watu zaidi ya 280,000, mpaka wenye uwanja wakaona msongamano umepita kiasi, wakaweka kikomo cha tiketi 68,500 kwa siku. Hata kwa kikomo hicho, Mjomba, ukisimama mahali umesimama. Kutoka kwenye duara wanapotembezwa farasi mpaka kwenye reli, mwendo ambao mtu angeutembea kwa dakika mbili, nilisukumwa na kusukuma muda mrefu, na nilipofika farasi walikuwa wameshaanza kuzunguka mahali pa kuondokea.

Lakini uzuri wake! Nyuma ya uwanja kuna kilima cha Cleeve, kirefu, kijani kibichi, mawingu yamekilalia, na chini yake nyasi zimekatwa zikanyooshwa kama mkeka mpya. Juu ya duara la farasi imesimama sanamu ya shaba ya Arkle, aliyeshinda Gold Cup, mbio kuu ya tamasha, mara 3 mfululizo, 1964 hadi 1966. Gold Cup yenyewe ni zaidi ya kilomita 5 na vizuizi 22, na mita 200 na ushei za mwisho ni za kupanda. Hapo ndipo utamu ulipo. Farasi anaruka kizuizi cha mwisho akiwa mbele, watu wameshaanza kushangilia, halafu kile kilima kinamshika miguu na nyuma yake anakuja mwenye pumzi.

Mwaka huu ilikuwa hivyohivyo. Galopin Des Champs alikuwa ameshinda 2023 na 2024, na watu walikuja kumwona akiingia kwenye kundi la Arkle na Best Mate, waliochukua tatu mfululizo. Bei yake ilikuwa 8-13, yaani unaweka pauni 13 upate faida ya 8. Akapitwa na Inothewayurthinkin, aliyekuwa 15-2, chini ya joki Mark Walsh. Farasi huyo hata hakuwa kwenye orodha ya mwanzo. Mwenye farasi alilipa pauni 25,000 za kumwingiza kwa kuchelewa. Na mwalimu wake, Gavin Cromwell, alianza maisha kama fundi wa kupigilia farasi viatu. Nilifurahi sana niliposoma hilo, kwa sababu ni mtu aliyeinamia kwato maelfu kabla ya kupewa farasi wa kumfundisha.

Kabla ya hapo, siku hiyohiyo, kwenye Triumph Hurdle, mbio za viunzi za farasi wa miaka 4, alishinda Poniros kwa bei ya 100-1. Alikuwa hajawahi kukimbia mbio za viunzi hata mara moja. Mwalimu wake ni Willie Mullins wa County Carlow, ambaye alikuwa na farasi 11 ndani ya mbio hizohizo. Watu waliokuwa karibu nami waligeuza vijitabu vyao kutafuta namba ya farasi waliyemwona akivuka mstari.

Sasa utaniambia: kama farasi wa 100-1 anashinda mbele ya macho yako, mbona unasema pesa isiende huko? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Bei ya 100-1 haisemi farasi hawezi. Inasema kwamba farasi wa namna hiyo wakikimbia mara mia na moja, mmoja atapita. Kuona bei kubwa ikishinda hakuonyeshi kwamba bei ilikuwa mbaya. Na bei za Cheltenham zimechujwa mno. Watu wameanza kuzibetia tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Kila farasi ametazamwa akifanya mazoezi, kila mwalimu amehojiwa, kila mwenye kompyuta amepiga hesabu zake, na mamilioni ya pauni yamepita kwenye soko la mtandaoni ambako watu wanauziana na kununuliana bei wenyewe kwa wenyewe. Wapokea dau waliopanga mstari uwanjani wanalitazama soko hilo kwenye skrini zao, na ubao mmoja ukibadilika, zote zinabadilika. Nilitembea mstari mzima nikitafuta aliyetoa zaidi kwa farasi wangu. Nilikuta bei ileile, ubao baada ya ubao. Ninachokijua mimi, hawa wote wanakijua. Yule mzee wa Kerry alikuwa amesema kila kitu.

Na kubeti kwenyewe kunachosha. Unapanga foleni, unasukumwa, unataja namba na kiasi, karani anachapa tiketi bila kuinua macho, unapisha. Pauni zangu 5 ziliingia kwenye mfuko wake na sidhani alijua kwamba ni za mtu.

Nisiwe mwenye kudhulumu, kuna kitu kimoja tamasha linampa mbetiji ambacho viwanja vidogo havina. Mbio zake za kupangiana uzito huwa na farasi 20 na zaidi, na kwa kawaida ya Uingereza, mbio za namna hiyo zikifika farasi 16, ukiweka dau nusu la kushinda na nusu la nafasi, unalipwa mpaka wa nne, robo ya bei. Wiki ya Cheltenham makampuni yanagombania wateja mpaka mengine hulipa wa tano na wa sita. Mtu mvumilivu anayejua kusoma mbio akibeti nafasi kwa farasi wa bei kubwa anaweza kutoka salama. Ila lazima abeti mbio hizo tu, aziache nyingine. Na nani anaziacha? Mbio zinafuatana, umati unapiga kelele, kila mmoja ana mkeka wa kuunganisha farasi kadhaa kwenye dau moja.

Hiyo mikeka ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Nikuhadithie ya 2015, Jumanne ya kwanza ya tamasha. Mullins na joki wake Ruby Walsh walikuwa na farasi wanne ambao nchi nzima iliwaunganisha kwenye mkeka mmoja. Wa kwanza Douvan, akashinda. Wa pili Un De Sceaux, akashinda. Wa tatu Faugheen, akashinda Champion Hurdle. Wa nne alikuwa Annie Power, jike hodari kweli, na alifika kwenye kiunzi cha mwisho akiwa mbele, hana wasiwasi. Akaanguka. Magazeti yalikadiria kwamba mwanguko ule uliwaokolea wapokea dau takriban pauni milioni 50. Aliyeshinda, Glens Melody, alitoka zizi lilelile la Mullins. Annie Power aliinuka salama, na hilo ndilo la kushukuru, lakini fikiria ni nyumba ngapi siku ile zilikuwa zimeshazitumia zile pesa vichwani.

Vijana wako hapo nyumbani wanaotunga mikeka ya mpira kwa simu wataielewa hadithi hii kuliko mimi. Waambie 4-1 ya huku ndiyo 5.00 yao, hesabu ni moja. Na waambie kwamba hata Cheltenham, niliona vijana wamesimama hatua chache tu kutoka kwenye reli, farasi wanapita wakitimua udongo, na wao wameinamia simu kutafuta mbio nyingine za nchi nyingine za kubetia. Sikuwaonea hasira. Niliwahurumia sana. Simu haina mwisho wa siku, wala haina treni ya kurudi nyumbani.

Basi tuhamie Cartmel.

Hiki ni kijiji cha Cumbria, kaskazini, karibu na lile eneo la maziwa. Unabadilisha treni Lancaster, halafu reli inaambaa pwani ya ghuba ya Morecambe na kuvuka daraja refu la chini pale Arnside. Nilipopita maji yalikuwa yamekupwa, tope na mchanga vinang'aa mpaka upeo wa macho, ndege wanachokoa, ungeapa uko Gazi, kule pwani ya kwetu. Unashuka kituo cha Cark, unapanda basi au unatembea kati ya kuta za mawe na kondoo, na kitu cha kwanza kinachojitokeza ni mnara wa kanisa la karne ya 12. Uwanja wa mbio uko nyuma ya kijiji, karibu sana hivi kwamba unatoka duka la mkate unaingia kwenye nyasi.

Mbio Cartmel ni siku chache tu za mwaka, kati ya Mei na Agosti. Jumatatu ile ya mapumziko familia zilikuwa zimeleta mahema, majiko ya mkaa na mbwa, na katikati ya uwanja pamewekwa bembea na magurudumu ya watoto. Farasi wanakimbia kuzunguka yote hayo. Mzunguko mmoja ni zaidi kidogo tu ya kilomita moja na nusu, una kona kali, na baada ya kizuizi cha mwisho farasi wanakata katikati ya umati kwa karibu mita 800. Hakuna uwanja mwingine Uingereza wenye umbali mrefu hivyo kutoka kizuizi cha mwisho hadi mstari. Nikaenda kula pudini yao maarufu, ile nyeusi yenye mchuzi wa sukari, ambayo kijiji hiki kimeifanya ijulikane nchi nzima. Imetengenezwa kwa tende, Mjomba. Mamu angeipika vizuri kuwashinda.

Sasa sikiliza kuhusu kubeti. Duara la farasi Cartmel ni dogo. Nilisimama kwenye reli na farasi wakanipita karibu kiasi cha kusikia hatamu zikilia. Mbio za tatu zilikuwa za viunzi, farasi 8 wa daraja la chini, wale ambao hakuna mwandishi wa gazeti aliyewaamkia alfajiri. Wa kwanza kunipita alikuwa na povu jeupe katikati ya mapaja na macho yamezunguka. Kijana aliyemshika alikuwa akivutwa huku na huku. Huyo ndiye watu walikuwa wakimbetia zaidi, kwa sababu alishinda mbio zake za mwisho. Nyuma yake jike la rangi ya hudhurungi, manyoya yanang'aa mpaka unaona mistari ya misuli nyuma ya tumbo, shingo ameishusha, masikio yanacheza mbele na nyuma, na hatua za miguu ya nyuma zinapita alama za miguu ya mbele. Alitembea kama mwenye shamba anayekagua mipaka. Nilimtazama mizunguko yote. Kila alipopita alikuwa vilevile.

Nikaenda kwa wapokea dau. Cartmel mstari wao ni mfupi. Ubao mmoja ulimpa 6-1, wa pili 13-2, wa tatu 7-1, na huyo wa tatu alikuwa mzee mwenye begi la ngozi lililochakaa, jina la ukoo limeandikwa ubavuni. Nikampa pauni 10, 5 za kushinda na 5 za nafasi. Akanitazama, akaniuliza nimemwonaje. Nikamwambia anatembea vizuri. Akasema na yeye amemwona, akanipa tiketi. Sijapiga hatua kumi, akaja bwana mmoja mwenye koti la mvua na noti zilizokunjwa, akamwekea jike lilelile kiasi ambacho sikukisikia. Mzee akafuta 7 akaandika 5. Jirani yake akaona, akaandika 9-2. Kabla farasi hawajatoka kwenda kuondokea, jike lilikuwa 4-1 mstari mzima. Mtu mmoja, noti za mkono mmoja, na soko zima limegeuka. Cheltenham mtu huyo angeingiza kiasi hicho na hakuna tarakimu ambayo ingetikisika.

Jike liliruka kiunzi cha mwisho likiwa mbele kwa urefu wa farasi wawili. Watoto waliokuwa juu ya mabega ya baba zao walikuwa wanapiga mayowe. Lakini mwendo wa kutoka hapo hadi mstarini ni mrefu, mrefu kweli, na farasi mmoja mzee aliyezoea uwanja ule alimfuata pole pole na kumpata karibu na mstari. Jike langu likashika nafasi ya pili. Farasi wakiwa 8 wanalipa mpaka wa tatu, sehemu moja ya tano ya bei, na kwa sababu tiketi yangu ilikuwa ya 7-1, mzee akanihesabia pauni 12. Aliyemchukua mwisho kwa 4-1 alirudishiwa 9 kwa 10 zake. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione: farasi mmoja, nafasi ileile, dau lilelile, mmoja ametoka na faida na mwingine na hasara, kwa sababu mmoja alimtazama farasi mapema na kuuliza bei kwa watu watatu.

Wembamba huu wa soko Cartmel una historia yake, na najua wewe unapenda visa vya namna hii. Tarehe 26 Agosti 1974, Jumatatu ya mapumziko, mjenzi mmoja wa Ireland aitwaye Tony Murphy na wenzake walileta hapa farasi Gay Future, aliyesajiliwa kwa mwalimu Tony Collins. Farasi wengine wawili wa zizi hilo waliandikishwa kwenye viwanja vingine siku hiyohiyo. Kundi likazunguka maduka ya kubeti ya London kuweka mikeka midogo midogo iliyowaunganisha Gay Future na wale wawili. Halafu wale wawili wakaondolewa. Kwa kanuni, dau zote zikaangukia kwa Gay Future peke yake, na zililipwa kwa bei ya mwisho ya uwanjani. Wapokea dau wa London walipong'amua, walitaka kutuma fedha Cartmel kumshushia bei, lakini uwanja ule haukuwa na laini yao ya simu, na barabara za sikukuu zilikuwa zimefungana magari. Uwanjani wenyewe walimpaka miguu unga wa sabuni aonekane ametoka jasho kwa hofu. Bei ikabaki 10-1, na akashinda kwa urefu wa farasi 15. Mwaka 1976 mahakama ya Preston iliwatia hatiani Murphy na Collins, wakatozwa faini.

Kiangazi kilichofuata mbio zile za Gay Future, Juni 1975, mbetiji wa Ireland aitwaye Barney Curley alifanya lake kule Bellewstown, uwanja mdogo juu ya kilima County Meath, na farasi Yellow Sam aliyekuwa 20-1. Uwanja ulikuwa na simu moja ya umma. Rafiki yake aliingia kwenye kibanda akaishikilia karibu nusu saa, akijifanya anaongea na hospitali kuhusu shangazi aliye mahututi. Farasi akashinda, na kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyovunjwa, akalipwa. Siku hizi simu iko kila mfuko na hila hizo zimekwisha. Lakini kilichoziwezesha bado kipo: kwenye uwanja mdogo pesa ni chache, wanaojua ni wachache, na bei inaweza kukosea kwa mbali.

Inaweza kukosea kwa kukuumiza pia, nisikufiche. Wapokea dau wakiwa wachache hawashindani sana. Chukua mbio za farasi 5 wanaolingana nguvu. Bei ya haki ni 4-1 kila mmoja. Wakikupa 3-1 wote, mtu akitaka kuwabeti wote kwa namna ya kurudishiwa pauni 100, ataweka 25 mara 5, yaani 125. Ile 25 ya juu ni chakula cha mpokea dau. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa jumlisha ubao kichwani, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, kwa kalamu nyuma ya programu. Ikiwa jumla imepanda mno, funga mkoba utazame farasi tu. Cheltenham farasi ni wengi na washindani ni wengi, na ukigawanya kile chakula kwa kila farasi unakuta ni kidogo kuliko cha Cartmel.

Tote nayo ina tabia yake. Ilianza Julai 1929, siku moja Newmarket na Carlisle, na Carlisle ni huku huku Cumbria. Kama unavyojua, pale pesa za wote zinaingia chungu kimoja, wao wanakata chao, zilizobaki wanagawana walioshinda. Cheltenham chungu ni kikubwa na malipo yanakaribiana na ya ubao. Cartmel chungu ni kidogo. Tajiri mmoja akimwaga pesa kwa farasi wako malipo yanaporomoka, na wewe huna tiketi ya bei uliyoiona. Ila farasi aliyesahaulika na watu akipita, chungu hichohicho kinaweza kukulipa kupita ubao wowote. Mimi huitumia kwa farasi wasiopendwa tu.

Kuna jambo lingine ambalo siwezi kuliruka. Farasi huanguka, kwenye viwanja vikubwa na vidogo, na wengine hawainuki. Wanaleta skrini za kijani, wanazisimamisha, daktari anaingia nyuma yake. Kila inapotokea nakosa hamu ya kubeti kwa siku nzima, na simwamini mtu ambaye haimgusi. Cheltenham wamepunguza idadi ya farasi kwenye baadhi ya mbio na kubadili baadhi ya vizuizi. Naomba waendelee.

Wewe ndiye uliyenisimamisha kwenye reli ya Ngong, Jumapili baada ya ibada, ukaniambia nisisome jina la farasi kabla sijamwona akitembea. Uwanja ule uko pale tangu 1954, na mbio zake nyingi ni za farasi sita, saba, ambao ukiwafuata msimu mzima unawajua mmoja mmoja, nani anapenda ardhi kavu, nani anachoka kwenye mwinuko. Huo ndio ujuzi nilioubeba mpaka Cartmel, na kule ulikuwa na thamani ya fedha. Cheltenham ujuzi huohuo ulinipa furaha, na furaha ile siidharau hata kidogo, lakini bei ilikuwa imeshaujumlisha kabla sijafika. Ninachosikitika ni kwamba watu wa Nairobi wanaobeti kwa simu usiku kucha wengi hawajawahi kukanyaga Ngong Road kumtazama farasi hata mmoja. Ungewapeleka hao wanao, Mjomba. Wape shilingi kidogo za kubetia, na zikiisha ziwe zimeisha.

Ukija Agosti kama ulivyoahidi, Cartmel wana mbio tena kwenye mapumziko ya mwisho wa mwezi, Jumamosi na Jumatatu. Nimeshamwambia mke wangu tutakwenda Jumatatu. Treni ya asubuhi, tubadilishe Lancaster, ukae upande wa kushoto uione ghuba. Njoo na viatu visivyoogopa tope, na koti, usidanganywe na neno kiangazi. Pesa za kubeti tutazitoa benki kabla, taslimu, tuzitie kwenye bahasha moja, kadi na simu zibaki mfukoni. Yule mzee mwenye begi la ngozi husimama wa tatu kutoka mwisho. Nimemwambia nina mjomba anayejua farasi kuliko mimi, na ameniambia nikulete. Nitumie tarehe za ndege mapema kabla nauli hazijapanda, na programu moja ya Ngong ya Jumapili yoyote, nataka nione ni farasi gani wanakimbia siku hizi.

Nisalimie Mamu na wote nyumbani.

Mpwa wako